Chupa ya Bi Mdogo

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikifungua kinywa mtaani kwetu Mkanyageni, hapa Mombasa, watu wa Ngome ya Yesu hufunga madirisha. Kwa hivyo hili nitakalolisema usidhani nalisema kwa kupenda maneno tu. Hili ni shukrani, na nimekaa nayo moyoni muda mrefu mno.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizovunja madaraja. Nyumbani tulikuwa wawili: mimi Mejumaa, Bi Mkubwa, na Nasiha, Bi Mdogo. Mume wetu Athmani alimwoa Nasiha mwaka wa sabini na sita kwa kutafuta mtoto, maana kwangu hakumpata. Kwa Nasiha pia hakumpata. Nilifurahi, astaghfirullah, nikasema kumbe kosa halikuwa langu. Kisha Athmani akafa, akatuachia nyumba ya ghorofa, na kila mmoja wetu akamwachia mwenzake. Tungekwenda wapi? Tukabaki pamoja, yeye chumba cha nyuma, mimi cha mbele chenye dirisha la njiani.

Nasiha alikuwa mtu wa kimya. Nikimgombeza, jibu lake ni lile lile: "Haya, Bi Mkubwa." Kimya chake kikiniudhi kuliko matusi, maana mwenye kukutukana angalau amekuona. Yeye akiamka kabla ya alfajiri, akikuna nazi, akikanda, akikaanga mahamri na kuteleka mbaazi. Mimi nikishuka kukikucha, nikikaa barazani na sinia mbele yangu, nikiuza. Yeye mkono, mimi mdomo, na riziki ikipatikana.

Sasa magoti. Miaka sita nilikuwa nikilalamika magoti. Nikiinuka kitini nawaita manabii mmoja mmoja kwa majina yao. Kusali nasali juu ya kiti. Kushuka kwenda barazani nashuka mara moja na kupanda mara moja, na hizo mara mbili mtaa mzima unapata habari. Na maji, wee! Mwaka ule mabomba ya mifereji yalikuwa makavu. Maji yakija na mkokoteni, kwa mitungi ya lita ishirini, mwenye mkokoteni akiiweka mlangoni akaenda zake. Kutoka mlangoni hadi juu ni ngazi ishirini na tisa, nyembamba, zimesimama wima kama ngazi zote za nyumba za zamani. Nani ataipandisha mitungi? Mimi mgonjwa wa magoti. Basi akaipandisha Nasiha. Mitungi mitano kwa siku, siku nyingine sita, na maji yangu ya kutawadhia akiniletea mpaka mlangoni kwa kata.

Nikasikia jirani mmoja akinong'ona kwamba Mejumaa hana ugonjwa, ana uvivu. Neno hilo lilinichoma. Tangu siku hiyo nikawa natafuta karatasi. Nilitaka karatasi ya daktari, yenye mhuri, niibandike ukumbini, kila aingiaye asome.

Karatasi ikaja kwa miguu yake. Alikuja mtu mmoja aitwaye Kadenge, Mgiriama wa Kaloleni, tabibu, mtu wa makamo mwenye upara na adabu zake. Alipiga hodi, akakaa, akauliza hali zetu na za waliokufa kabla hajafungua mkoba. Akaeleza kwamba yuko katika utafiti wa madaktari wanaochunguza magoti ya wanawake waliopita miaka arubaini. Kila mwanamke atapigwa picha ya eksirei hospitali huko Tudor, bure, kisha atatoa chupa moja ya mkojo wa asubuhi.

Nikamuuliza goti na mkojo vimekutana wapi. Hakucheka. Alimtazama Nasiha, aliyekuwa kwenye mbuzi pale pembeni akikuna nazi, akatueleza kwa mfano huo huo. Baina ya mifupa ya goti, alisema, kuna gegedu, ile nyama nyeupe ngumu unayoikuta mwisho wa mfupa wa kuku. Gegedu likisagika, chembe zake huingia kwenye damu, kisha zikatoka na mkojo. Eksirei ni kama kukitazama kifuu: utajua nazi imekunwa pale itakapokuwa imekwisha. Lakini mtu akitazama sinia, hata hajaona kifuu, atajua kuna nazi inakunwa, na inakunwa kwa kasi gani. Wao walitaka kujua kama mkojo unaweza kuwa hilo sinia. Akatahadharisha kuwa kipimo bado kinajaribiwa, hakimtolei mtu hukumu. Mimi hapo nilikuwa simsikilizi tena. Nilimuuliza kama kutakuwa na karatasi. Akasema ipo.

Nikajiandikisha mimi. Nasiha hakuulizwa na mtu, akaendelea kukuna.

Picha nilipigwa, sikuwa na neno. Tabu ikaja kwenye chupa. Mama yangu alinilea kwa wasia mmoja: kucha zako, nywele zako na maji yako ya chooni visiende mikononi mwa mtu usiyemjua, utarogwa. Na huyu Kadenge mkojo wenyewe anaupeleka Nairobi ndani ya barafu, kutoka huko upandishwe ndege uende Ulaya! Mkojo wangu mimi, binti wa watu, ufike Ulaya nisikofika mwenyewe, ushikwe na watu wasiojua hata jina la baba yangu. La. Nikaiweka chupa mezani, nikaitazama siku nzima.

Usiku likanijia wazo. Nakwambia ukweli wote, maana nusu ya ukweli haina thawabu. Asubuhi nilimwita Nasiha, nikamwambia yule tabibu amesahau, anataka na yako. Akaichukua. Hakuuliza. Alipoirudisha imejaa, imefungwa vizuri na kupanguswa, niliipokea kwa leso ili mkono wangu usiiguse, na moyoni nikasema: kama ni kurogwa, arogwe yeye.

Ndivyo nilivyosema. Nikampa Kadenge chupa yenye jina langu ubavuni.

Miezi mitano ikapita. Nikasahau chupa, sikusahau karatasi. Siku moja baada ya Ashura Kadenge akaniita zahanati kwao, kile chumba kidogo kilicho njia ya kwendea Ngome. Alikuwa amefurahi, na Kadenge si mtu wa kufurahi ovyo. Akatundika picha ya goti langu mbele ya taa, akanionyesha mifupa miwili na nafasi baina yao. Akasema kwa picha hii goti langu ni zuri kuliko magoti ya wenzangu wengi wa umri wangu. Nikaanza kukasirika. Kisha akachukua karatasi nyingine.

"Lakini mkojo wako, Bi Mejumaa, unasema mengine," akaniambia. "Chembe za gegedu zimo nyingi, karibu mara tatu ya wenzio. Ikiwa kipimo hiki ni cha kuaminika, liko goti linasagika sasa hivi na picha bado haijaona. Mtu kama wewe ndiye tuliyekuwa tukimtafuta."

Mimi si mjinga. Nilijua pale pale, kabla hajaikunja karatasi, ni goti la nani. Na ulimi huu, unaosema bila kuulizwa, ukakaa kimya kabisa.

Akaendelea. Nisipande ngazi ila kwa dharura. Nisinyanyue kitu kizito. Nisikae chini kwa kukunja magoti. Niwe nakwenda kwake kila mwezi, anifundishe mazoezi ya kutia nguvu mapaja, na baada ya nusu mwaka tutapima tena tuone sinia linajaa au linapungua. Akaniandikia yote, akagonga mhuri. Akanipa karatasi niliyoililia muda wote ule.

Utaniuliza, ulifanyaje? Nikaenda nayo nyumbani. Nikaibandika ukumbini.

Siku tatu nilikuwa sultani. Yule jirani aliyenong'ona habari zangu aliisoma mwenyewe, akaomba radhi. Nasiha aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akasema, "Pole sana, Bi Mkubwa. Nilikuwa sijui maradhi ni makubwa hivi." Tangu saa hiyo akaongeza. Hata sinia la barazani akalishusha yeye na kulipandisha yeye. Nguo zangu akazifua. Usiku akanichemshia maji ya chumvi akanikanda magoti, magoti yangu mazima haya, kwa mikono yake, huku amepiga magoti chini kwenye sakafu.

Siku ya tatu adhuhuri maji yalikuja. Nilikuwa kitandani, mlango wazi, nikisikiliza. Miaka yote zile hatua zake za ngazini nilikuwa nazisikia kama mtu anavyosikia saa ya ukutani. Siku hiyo nilihesabu. Kumi na nne, kisha zikasimama. Nikangoja. Hazikuendelea. Nikainuka, sikumwita nabii hata mmoja, nikachungulia kutoka juu.

Nasiha alikuwa amekaa kwenye kona ya ngazi. Mtungi ubavuni mwake. Pembe ya leso ameing'ata kwa meno, na mikono miwili ameizungushia goti la kulia, analibana kama mtu anayekamua nguo. Halii. Amekaa hivyo kitambo, kisha akashika ukuta, na pale aliposhika niliona chokaa imelika, pana alama ya kiganja cha mkono, nyeusi kwa jasho la miaka. Akainuka. Akapanda kwa upande, mguu mmoja ukisubiri mwenzake, kila ngazi hivyo hivyo, hadi juu. Niliporudi kitandani niliusikia mtungi ukitua, na sauti yake ikiniuliza kama nataka maji ya kutawadha.

Nikasema sitaki. Nikalia chini ya shuka. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha, wallahi. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele hata asisikike.

Asubuhi yake nilibandua karatasi ukumbini, nikavaa buibui, nikaenda kwa Kadenge. Nilimkuta na watu, nikangoja zamu yangu, jambo ambalo silifanyi. Nilipoingia nilimwambia yote. Mkojo si wangu. Ni wa mke mwenzangu, naye hajui. Sikumficha hata lile la kurogwa.

Nilitaka anitukane, ningejua la kufanya. Aliniambia tu kwamba alikuwa ameshaandika barua ya kuwaeleza wakubwa zake habari zangu, na ile barua ingekuwa uongo, na juu ya uongo huo wangejenga mengine. Kisha akaichukua karatasi yangu akaipasua katikati, taratibu, asije akaharibu upande wa nyuma, maana Kadenge ni mtu wa kuweka akiba ya karatasi.

"Mlete yeye," akasema. "Na wewe ulete chupa yako, safari hii ya kweli."

Kazi ikabaki moja, nayo ndiyo iliyonitoa jasho. Nasiha nilimkuta jikoni, kwenye mbuzi, anakuna. Nikamwambia ainuke akae kitini. Akashangaa, akadhani nimefiwa. Nikamweleza, nimesimama mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyekosa sura yake. Nilimwambia karatasi ile ilikuwa ya magoti yake. Nilimwambia nilivyomdanganya. Akasikiliza mpaka mwisho, unga wa nazi bado uko vidoleni mwake.

"Kwa hivyo uliponipa ile chupa," akauliza polepole, "ulitaka nirogwe mimi?"

"Ndiyo."

Akanitazama. Miaka ishirini na miwili, sidhani kama aliwahi kunitazama vile, wala mimi kumtazama. Kisha akaanza kucheka. Akacheka Nasiha, akacheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, nami sijui kama nicheke au nilie.

"Basi ahsante, Bi Mkubwa," akasema alipopata pumzi. "Ungalikuwa wanipenda, usingalinipa."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Maana ni kweli. Roho yangu mbaya ndiyo iliyomfikisha Nasiha kwa tabibu, na Mungu akaipitishia kheri yake humo humo. Nilimwomba radhi. Akaniambia radhi anayo, ila apewe kwanza maji ya kunywa, kwa sababu hana nguvu ya kuinuka. Nikampelekea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpa maji ndani ya nyumba ile.

Picha ya Tudor ilionyesha nafasi baina ya mifupa yake imeanza kubanana, upande wa ndani, magoti yote mawili. Imeanza tu. Kadenge hakumdanganya: gegedu lililokwenda halirudi. Lakini lililobaki lipo, na linaweza kutunzwa. Akamwuliza mbona hakusema kuwa anaumwa. Nasiha akajibu kuwa nyumbani mgonjwa alikuwa yupo tayari. Kadenge akaniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Majibu yangu mimi yalipokuja, yale ya chupa ya kweli, yalikuwa safi. Nitakwambia kitu cha aibu: nilihuzunika kidogo. Mtu akiishi na ugonjwa miaka sita huuzoea kama mpangaji. Magoti yalikuwa yakiuma, sikusema uongo, lakini kuuma kwake kulikuwa kwa kukaa.

Kuhusu maji, fundi alituwekea kapi juu ya dirisha langu, kamba nene ikapita. Nasiha akikaa chini kwenye baraza, kwenye kiti kirefu, akijaza mtungi nusu na kuufunga. Mimi nikivuta juu. Siku ya kwanza mikono ilinichubuka, na watu wa njiani wakasimama kutazama Mejumaa anafanya kazi. Mtungi wa kwanza ulipofika dirishani nilichungulia chini, nikamwona amekunja mikono anangoja, amezoea kwamba simshukuru. Nikapiga kelele, mdomo ule ule wa kugombeza, mtaa mzima usikie: "Ahsante, Bi Mdogo!"

Akainua uso. Kisha akafunga mtungi wa pili, nami nikavuta, nikapiga kelele tena. Kila mtungi. Watoto wa mtaa wakawa wananiigiza. Niliona haya wiki ya kwanza, kisha haya ikaisha, maana nikipiga hesabu ya mitungi aliyopandisha kwa miguu yake, ahsante nilizobaki nazo hazitaisha hata nikifika miaka mia. Na kila jioni sisi hufanya mazoezi ya mapaja pamoja, tumeketi tumenyoosha miguu, yeye kimya, mimi nikilalamika kwa niaba ya wawili.

Nusu mwaka ulipotimia, Kadenge alileta chupa ya kupima tena. Nikamwambia alete mbili. Akasema mimi sina haja. Nikamwambia alete mbili. Asubuhi, mimi ndiye niliyezibeba, chupa yangu na yake, nimezifunga kwenye leso moja, nimezitia chini ya buibui. Majibu yalipokuja baadaye, chembe za Nasiha zilikuwa zimepungua, si nyingi, na Kadenge alituonya tusianze vigelegele. Tulipiga kimoja kidogo.

Lakini hilo ni la baadaye. Asubuhi ile, nikiwa mlangoni na kifurushi changu, Nasiha alinishika mkono. Akaniuliza kama siogopi tena mkojo wangu kwenda Ulaya, kwa watu wasiojua hata jina la baba yangu.

"Kama ni kurogwa," nikamwambia, "basi na turogwe sote."